Kwenda Dago: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa kijana anayetaka kuingia chomboni kwa mara ya kwanza, kwa tajiri (mwenye chombo na mtaji) anayepeleka watu, na kwa shehia inayopokea wageni. Mengi yanahusu uvuvi, kwa sababu Unguja na Pemba hiyo ndiyo kazi ya kuhamahama iliyo kongwe.

Dago ni nini hasa?

Ni kambi ya wavuvi waliotoka kwao kwa muda kufuata samaki. Neno hilo hilo hutumika kwa safari yenyewe: "vijana wamekwenda dago", "wamepiga dago". Ukikaa siku tano kwenye kisiwa kitupu ni dago, na ukikaa miezi minne Mafia au pwani ya Kenya ni dago pia. Sehemu nyingine za mwambao husikika "ago". Mtu wa dago si mhamiaji: nyumba yake iko kwao, watu wake wako kwao, na siku ya kurudi inajulikana japo kwa kukisia.

Nani huenda?

Mbele ya wote ni Wakojani. Kojani ni kisiwa kidogo mashariki ya Pemba, nyumba zimebanana, na riziki iko baharini. Nyavu za Wakojani zimefika Tanga, Mafia, Mtwara, Shimoni na mbali zaidi. Wapo pia Watumbatu, watu wa Nungwi na wa Kizimkazi, na wa vijiji vingi vya Pemba. Ukisikia lahaja ya Kipemba kwenye diko (pahala vyombo vinaposhusha samaki) la bara, usishangae.

Msimu gani uende, na uelekee wapi?

Kwa chombo cha tanga, upepo ndio unaoamua. Kaskazi huvuma takriban Disemba hadi Machi, kusi huvuma takriban Mei hadi Septemba, na katikati yake kuna maleleji, wakati wa tanga mbili, upepo ukiwa mdogo na usiotabirika. Anayekwenda Kenya hupanda na mkia wa kusi, Septemba au Oktoba, akavua kaskazi nzima huko, akashuka mwezi wa Machi kabla masika haijakamata. Anayekwenda Mafia au kusini zaidi hufanya kinyume: hushuka na kaskazi, hurudi kusi inapoanza kushika.

Mkondo nao usiusahau. Maji ya mwambao wetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hukaza sana. Ndiyo maana safari ya kurudi kusini wakati wa kusi huchosha mashine, hula petroli, na mara nyingine hukuacha palepale ulipokuwa saa mbili zilizopita. Wenye mashine hudhani wamekombolewa na upepo, kumbe wanaulipia kwa madumu.

Masika, watu wengi hukaa nyumbani kushona nyavu. Ramadhani pia vyombo vingi hurudi, kwa hiyo angalia kalenda ya Kiislamu kabla ya kupatana na tajiri. Mwezi huo huja mapema zaidi kwa kama siku 11 kila mwaka wa miladi, na mkataba wa "miezi minne" unaweza kuangukia katikati yake.

Nitajuaje maji bila ya karatasi ya jedwali?

Tazama mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndipo penye bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, na Unguja tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Baada ya wiki moja hesabu imegeuka: maji yanajaa saa nne, tena ni maji mafu, hayaendi mbali.

Hesabu hii inatosha kukwambia lini chombo kitaelea mlangoni mwa kambi na lini kitakaa juu ya matope. Kosa la wageni ni kuingia mlango wa mwamba kwenye bamvua maji yamejaa, wakafurahia kina, kisha wakataka kutoka wiki ya maji mafu wakiwa wamebeba mzigo.

Ruhusa napata wapi?

Anza kwenu. Sheha wa shehia yako anakuandikia barua ya utambulisho yenye majina ya watu wote, jina na namba ya chombo, aina ya zana, unakokwenda na muda. Bwana samaki (afisa uvuvi) wa wilaya aione. Leseni ya uvuvi na ya chombo ziwe hai. Kila mtu awe na kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi, si picha yake kwenye simu ya mwenzake.

Ukifika, usitie wavu kabla ya kumuona sheha wa huko, mkuu wa diko na kamati ya wavuvi. Hapo ndipo utakapoambiwa ada ya dago, miamba iliyofungwa, na kama kijiji hakivui Ijumaa. Anayefika usiku, akavua, kisha akapeleka barua asubuhi, ameshaharibu.

Ukivuka kwenda bara, sheria ni nyingine. Uvuvi si jambo la Muungano: Zanzibar ina Sheria yake ya Uvuvi ya mwaka 2010, bara ina ya mwaka 2003. Leseni ya Pemba haikutoshi Kilwa. Ukivuka kwenda Kenya unaingia nchi ya watu: hati ya kusafiria, Uhamiaji, idara ya uvuvi ya huko, na kikundi cha usimamizi wa pwani unapofikia. Wanaopita kimya kimya kwa sababu "sote Waswahili" ndio wanaokamatiwa vyombo.

Kuna pia maeneo ya hifadhi: Chumbe, Menai upande wa kusini wa Unguja, mkondo wa Pemba pamoja na Misali, na hifadhi ya bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Kila moja ina masharti yake ya zana na mahali pa kulala. Uliza kabla ya kung'oa nanga.

Tubebe nini, na kiasi gani?

Hesabu ya mfano ni watu 8 kwa siku 7 mahali pasipo duka.

Maji ya kunywa na kupikia: lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu 8 mara siku 7 ni lita 280, yaani madumu 14 ya lita 20. Kuoga na kufua hakumo humo. Chukua madumu 16, kwa sababu moja litavuja na jingine litakuwa na harufu ya petroli. Madumu ya maji yatie alama ya rangi, na ya mafuta yasikae upande mmoja nayo.

Mchele na unga: kilo 4 kwa siku kwa kundi zima. Kiroba cha kilo 25 kinakwenda siku sita. Ongeza sukari, chai, mafuta ya kula, nazi za kutosha, vitunguu, ndimu na pilipili. Kitoweo kinatoka baharini, lakini beba kunde au choroko kwa siku ambazo bahari imekataa. Siku hizo zipo.

Chumvi: iwe nyingi kuliko unavyofikiri. Sababu iko kwenye swali la samaki, chini.

Vifaa vya kambi: turubai mbili, makuti ya kumba, kamba, panga, shoka, sufuria mbili kubwa, vyandarua kwa kila mtu, taa ya sola, betri ya kuchajia simu, sindano na nyuzi za nyavu, kisanduku cha dawa. Majaketi ya kuokolea yawe sawa na idadi ya vichwa. Mpishi naye ana kichwa.

Kambi ipangwe wapi?

Tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti ulioachwa na maji ufukweni. Mstari wa juu kabisa ndio wa bamvua kubwa. Piga kibanda juu ya hapo, hatua kumi au zaidi. Ukifika wakati wa maji mafu ufukwe unaonekana mpana na mtamu, watu wanapiga turubai kwenye mchanga mweupe, na wiki inayofuata wanaamka saa kumi alfajiri magodoro yanaelea.

Jiko liwe upande upepo unakokwenda, lisiwe unakotoka, cheche zisipande kwenye makuti. Wakati wa kaskazi na wakati wa kusi jiko haliwi mahali pamoja. Choo kichimbwe mbali na kisima na mbali na njia ya wenyeji, na mchanga wa kufukia ubaki pembeni. Kuni ziwe kavu zilizoanguka. Ukikata mikoko umevunja sheria na umewatukana wenyeji kwa tendo moja.

Fagia pia pahala pa kusalia. Kambi isiyo na pahala pa kusalia hudharauliwa haraka.

Chombo kikaguliwe vipi kabla ya safari?

Kipandishe kikauke. Gonga ubao kwa ubao kwa mpini wa kisu; mlio mzito na wa kuzama ni ubao uliooza. Tazama misumari iliyotoa kutu na mataruma (mbavu za chombo) yaliyopasuka. Nyufa zitiwe kalafati upya: pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, igongwe mpaka ikatae kuingia. Chini ya maji pakaa shahamu au rangi ya kuzuia wadudu wa baharini, kwani chombo cha dago hukaa majini muda mrefu na wadudu hula mbao kimya kimya.

Kisha kishushe na ukiache usiku mmoja. Asubuhi angalia ngamani, pale chini kabisa ndani ya chombo. Wahenga walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na kweli maji yote, yaingie mbele au nyuma, yatakusanyika hapo. Maji ya upo (chombo cha kukumbia maji) mbili tatu ni kawaida kwa chombo kilichokaa juu, kwa kuwa mbao zitavimba. Yakizidi kila saa, usiondoke.

Angalia amari ya nanga kwa urefu wote, hasa pale inaposuguana na ubao. Tanga lishonwe lingali zima, lisisubiri kuchanika.

Mashine ndogo ya nje inahitaji nini?

Kwa mashine inayochanganya mafuta, kipimo cha kawaida ni 1 kwa 50: petroli lita 20, oili mililita 400. Oili ikizidi, plagi hulowa na mashine huzimikazimika. Ikipungua, pistoni hukwama, na hapo umepoteza mashine. Fuata kitabu cha mashine yako, maana nyingine zina kipimo tofauti.

Gawa petroli mafungu matatu: kwenda, kurudi, akiba. Akiba haiguswi kwa ajili ya samaki walioonekana mbele kidogo.

Beba plagi mbili, pini ya panka, kamba ya kuwashia, spana yake, na kitambaa cha kuchujia mafuta. Kinachoua mashine za dago mara nyingi ni maji ndani ya petroli, yaliyotoka kwenye dumu lililooshwa na kutokaushwa. Ukipata maji ya kutosha, isafishe mashine kwa maji yasiyo ya chumvi kila baada ya siku chache.

Samaki watafikaje sokoni wakiwa wazima?

Hapa ndipo fedha ya dago inapopotea, tena nyingi kuliko inavyopotea baharini.

Penye barafu, kipimo ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Watu hutia nusu, wakalaumu jua. Barafu ivunjwe ndogo, itandikwe chini, kisha safu ya samaki, safu ya barafu, mpaka juu, na juu kabisa barafu. Wengi hutumia friza bovu lililolazwa chomboni. Linafaa, bora mpira wa mlango uwe mzima na litobolewe tundu la kutoa maji. Samaki anayeogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka, yaliyochanganyika na damu, huharibika upesi.

Pasipo barafu ni ng'onda, yaani samaki wa chumvi aliyekaushwa. Mpasue samaki mgongoni, mfungue kama kitabu, toa matumbo, mashavu ya ndani na damu iliyoganda kwenye uti. Muoshe kwa maji ya bahari safi, si ya ufukweni mnapooshea vyombo. Nyama nene ichanjwe. Chumvi ni kilo 1 kwa samaki kilo 3. Kwa hiyo samaki kilo 90 wanakula kilo 30 za chumvi, na ndiyo sababu ya kusema ibebwe nyingi. Ipakwe kila mahali, hasa kwenye chanjo na kichwani. Panga samaki kwa tabaka, weka uzito juu, waache siku mbili hadi tatu wateme maji. Suuza haraka, kisha waanike kwenye chanja ya urefu wa kiuno, upepo upite chini. Kwa jua zuri, siku tatu hadi tano. Usiku na mvua wafunike.

Makosa na dalili zake: funza wakionekana, chumvi ilikuwa chache au samaki alichelewa kupakwa. Nyama ikipata wekundu wa waridi na utelezi, ni viini vinavyopenda chumvi vilivyozaliwa kwenye unyevu. Mzigo umehifadhiwa kabla ya kukauka. Nje mgumu na ndani mbichi maana yake jua la kwanza lilikuwa kali mno na nyama haikuchanjwa. Anayeanika mchangani huuza mchanga, na mnunuzi wa soko la Darajani mjini Unguja ana meno.

Dago la dagaa lina tofauti gani?

Lina tofauti ya ratiba. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hutawanyika, vyombo hupumzika kama wiki moja, na mabaharia huenda kwao. Kwa hiyo mtu wa dagaa huona watoto wake kila mwezi, mtu wa jarife (wavu wa kutegea samaki wakubwa) huenda asiwaone msimu mzima.

Mzigo hupimwa kwa ndoo pwani. Dagaa huchemshwa dakika chache tu kwenye maji ya chumvi, huepuliwa mara macho yanapopauka, kisha huanikwa siku hiyo hiyo. Vijiji vya Mangapwani na Kama, Unguja, ni maarufu kwa kazi hii, na wanunuzi hufika hadi kutoka Kongo. Mvua ikinyesha adhuhuri, mzigo wa asubuhi umekwenda. Hauna siku ya pili.

Mgao ukoje?

Kila diko lina desturi yake, kwa hiyo patana kabla ya safari, mbele ya mashahidi, na ukiweza andikeni. Mpango unaoonekana sana: toa gharama, kinachobaki gawa nusu kwa nusu kati ya chombo na watu.

Mfano. Mauzo Sh 1,700,000. Gharama za mafuta, barafu, chakula na ada Sh 620,000. Kinabaki Sh 1,080,000. Chombo, wavu na mashine Sh 540,000. Watu Sh 540,000. Watu ni 8, nahodha ana mafungu mawili, kwa hiyo mafungu ni 9, na kila fungu ni Sh 60,000.

Ugomvi hautoki kwenye kugawa, hutoka kwenye neno "gharama". Wavu ukichanika ni gharama ya wote au ya tajiri? Posho iliyoachwa nyumbani inakatwa kwa mtu au kwa kundi? Siku ambazo chombo hakikutoka, chakula nani analipa? Na kubwa kuliko yote: tajiri aliyetoa mtaji akisema samaki wote auziwe yeye, kwa bei gani? Kama ni chini ya bei ya mnada, hiyo ni riba aliyoificha kwenye mizani. Kubalini tu mkijua mnachokubali.

Mmoja asiyekuwa nahodha aweke daftari: tarehe, kilo, bei, mnunuzi, matumizi.

Walioachwa nyumbani wataishije?

Kwa posho. Kabla ya kuondoka acha angalau chakula cha mwezi, na muambie mkeo waziwazi duka gani anaweza kukopa na mpaka kiasi gani. Siku hizi pesa hutumwa kwa simu, lakini visiwa vingi vya dago havina mtandao mzuri, kwa hiyo panga siku ya mtu kwenda mjini. Ukimya wa wiki tatu huzaa maneno, na maneno yakishafika kisimani hayarudi.

Kwa nini wenyeji hugombana na wageni?

Mara chache ni kwa sababu ya ugeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: duka linauza, mama lishe anauza, diko linapata ada. Ugomvi huja na zana. Juya na kigumi, nyavu za kukokota, huvunja matumbawe na hukamata wachanga. Vimekatazwa na bado vinapakiwa chini ya turubai. Wavu wa kuzungusha ukitiwa karibu na madema (mitego ya samaki) ya wazee huyabeba yote. Na vipo vijiji vinavyofunga mwamba wa pweza, kawaida miezi mitatu, ili wakue. Mgeni anayeingia kwenye mwamba huo wiki moja kabla haujafunguliwa amevuna shamba la mtu. Hapo hata barua ya sheha haitamsaidia.

Wanawake huenda?

Kwenye chombo cha jarife, ni nadra. Kwenye madago ya dagaa wapo wengi: wanachemsha, wanaanika, wananunua na kuuza kwa fedha zao wenyewe. Kambi inayowapokea iwe na choo chao na pahala pao pa kulala, jambo ambalo husahauliwa hadi wamefika.

Kambi za karafuu Pemba nazo ni dago?

Kwa sura, ndiyo: watu huhama, hulala shambani, hulipwa kwa pishi walizochuma, na hurudi msimu ukiisha. Hatari yake ni nyingine. Huku ni kuanguka mtini, na karafuu zilizorundikwa mbichi usiku zikapata moto na kuharibika. Chambua makonyo (vijiti vya karafuu) siku hiyo hiyo, anika kwenye jamvi, si barabarani.

Mtu akiumia?

Mwiba wa samaki tasi au samaki taa: tumbukiza mahali palipochomwa kwenye maji ya moto ambayo mkono usioumia unaweza kuyavumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu. Sumu hiyo huvunjwa na joto. Usifunge kamba. Mwiba wa taa ulioingia kifuani au tumboni usiung'oe, peleka hospitali. Mkato wa matumbawe usuguliwe kwa maji safi na sabuni siku hiyo, hata ukiwa mdogo, maana ndio unaooza. Usiogee kwenye mabwawa na vijito usivyovijua, kichocho kipo Unguja na Pemba. Homa ya zaidi ya siku moja ipimwe malaria.

Acha orodha ya watu na siku ya kurudi kwa mkuu wa diko la kwenu. Chombo kikichelewa, yeye ndiye atakayewaita KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), na swali lao la kwanza ni idadi ya watu na upande mlioelekea.

Tunaondokaje?

Siku moja kabla ya kupakia, mtu mmoja aende dukani na daftari kulipa madeni yote, hata ya kiberiti. Vunja kibanda, makuti mazima mpe jirani, mabovu yachome. Fukia choo. Vipande vya nyavu na madumu yaliyopasuka rudi navyo, visiachwe chini ya mkungu. Nahodha aende kumuaga sheha kwa miguu yake, asipige simu, na samaki wa kitoweo wapelekwe asubuhi, kabla mzigo haujafungwa.

Kisha tazama mwezi. Kama ni maji mafu na mlango wa mwamba ni mfinyu, ngojeni siku tatu.